Hodi Iliyotoka Redioni

Mume wangu hapigi hodi kama watu wengine. Haiti mtu, hasemi neno. Anagonga mlango mara moja, anaburuza ukucha kwenye ubao, krrr, halafu anagonga mara tatu, na ile ya mwisho inachelewa kidogo kama mbuzi anayechechemea nyuma ya wenzake. Ko, krrr, ko ko... ko. Mimi nikiwa jikoni nagonga mwiko kwenye sufuria mara mbili, ko ko, yaani nimesikia, nakuja. Ndivyo tulivyoishi tangu aliponileta Ilongero, mimi msichana wa Iguguno nisiyejua hata salamu ya Kinyaturu. Mama mkwe alikuwepo, mawifi walikuwepo, wote wakipita mlango uleule, lakini hakuna aliyewahi kugongewa vile ila mimi. Watoto walipokua wakaanza kuiiga, nikawakataza. Nikawaambia hiyo ni ya mama.

Nasema haya mapema ili mtu asije akaniona mwehu huko mbele. Wenzangu waliolewa na wanaume wa maneno. Wanaitwa majina matamu, wananunuliwa vitenge, wakikasirika wanabembelezwa. Wangu alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana, akarudi, akavua magwanda, akashika jembe, na habari za vita hakunisimulia hata sentensi moja iliyokamilika. Nikimwuliza ananiambia kulikuwa na matope. Basi. Nikamzalia, nikalima naye, nikamwuguza, na nilichopewa mimi ni matope na ile hodi. Nikaridhika na hodi. Ilikuwa yangu peke yangu, na mimi kitu kikiwa changu sipendi kiguswe. Wivu ninao, sikatai, na sijawahi kuona faida ya kuuficha.

Kisha akaja mwalimu.

Ni binti mmoja anayefundisha fizikia Singida mjini na kuishi Mandewa. Alifika nyumbani kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, akatusalimia shikamoo ya kupiga magoti ambayo siku hizi ni adimu, na hapo nikampenda. Kupenda kwenyewe hakukudumu. Alisema ana leseni ya redio ya ridhaa. Akaona hatujaelewa, akaeleza kwamba si redio ya matangazo, ni ile ya kuongea na kujibiwa. Kwamba duniani kuna watu wengi wenye redio za namna hiyo majumbani mwao, hawalipwi, wanatafutana tu hewani na kusalimiana kwa sababu wanapenda. Sasa wao wenye redio hizo hapa nchini walikuwa wamepanga, kwa Siku ya Mashujaa, kufungua vituo maalumu katika mikoa kadhaa kwa siku mbili. Kila kituo kitakuwa na jina lake la muda, na kila kituo kitamkalisha askari mstaafu, ili watu wa mbali wapige kumshukuru yeye na wenzake. Alikuwa amesikia kwamba mume wangu jeshini alikuwa mtu wa mawasiliano.

Mimi ndiyo kwanza nasikia. Niligeuka nikamtazama mume wangu. Nilidhani alibeba bunduki. Kumbe alibeba redio.

Yule binti akamwuliza kama bado anakumbuka Morse, ile lugha ya kugonga, milio mifupi na mirefu. Mume wangu hakujibu kwa mdomo. Aliweka kidole kwenye mkono wa kiti akaanza kugonga, haraka haraka, na binti akawa anasikiliza huku midomo yake inacheza, mwisho akacheka, naye mume wangu akacheka. Walikuwa wameongea. Mbele yangu, kwenye kiti changu, wameongea jambo na mimi nimekaa pale na kikombe cha chai mkononi sijui limesemwa nini. Niliuliza. Mume wangu akasema si kitu, ni salamu tu.

Tangu siku hiyo mambo nyumbani hayakuwa mambo. Alizeti ilikuwa imeshakauka uani, inangoja kupigwa, na mzee wangu mara mbili kwa wiki yuko Mandewa kufanya mazoezi. Shati lililokuwa la misiba likawa la Jumanne na Alhamisi. Ndevu zikanyolewa. Viatu vikapakwa rangi. Nikiwa napiga alizeti na fimbo, vumbi lote puani, namwona anapanda bodaboda kajinyoosha kama anakwenda kupandishwa cheo. Wifi yangu, ambaye hajawahi kuliona jambo akaliacha lipite, alinitania akasema niangalie sana, mzee akinyoa ndevu kiangazi kuna mtu anamnyolea. Nikamjibu kwamba kaka yake hana meno ya kutosha kumpendeza mtu. Lakini nilivyobaki peke yangu niliipiga ile alizeti mpaka mbegu zikarukia kwa jirani.

Wala sikumwonea wivu yule binti, hapana. Yule ni mtoto wa kumzaa. Nilichokionea wivu sikukijua jina. Nilimwonea wivu mtu yeyote aliyekuwa upande wa pili wa ile redio.

Siku ya kwanza ya tukio nikasema lazima nione kwa macho yangu. Nikachinja jogoo, nikasonga ugali wa uwele, nikapika mlenda, nikafunga vyote kwenye kitambaa. Nikatangaza kwamba napeleka chakula, kwa sababu mwanamke akibeba chakula hakuna anayemwuliza anakwenda wapi.

Kituo chenyewe kilikuwa sebule ya yule mwalimu. Nje kulikuwa na bendera ya taifa, na waya mrefu uliotoka kwenye mwarobaini, ukapita juu ya mawe makubwa ya nyuma ya nyumba, ukaenda kufungwa kwenye nguzo ya tangi la maji. Upepo wetu wa Julai mnaujua. Waya ulikuwa unapiga miluzi. Ndani kulikuwa na meza, betri ya gari, redio ndogo ambayo mimi ningeiweka kwenye kapu la mayai, na mume wangu mbele yake, kofia mapajani, mgongo umenyooka. Ukutani yule binti alikuwa amebandika kadi walizochapisha, zenye picha ya mawe ya Singida, za kuwatumia wote watakaowapata hewani.

Nilikaa kwenye kochi nikasikiliza. Sauti zilikuwa zinakuja kutoka huko zitokako, zinapanda na kushuka kama mtu anayeongea huku anatembea ndani ya kisima. Binti anaongea nao Kiingereza, kisha anamgeukia mume wangu na kumwambia kwa Kiswahili, baba, huyu anapiga kutoka nchi fulani, na yeye ni askari mstaafu, anakusalimia na kukushukuru. Mume wangu anajibu, binti anatafsiri. Vizuri. Mpaka hapo sikuwa na neno.

Ndipo mmoja akauliza. Alikuwa mzee wa nchi moja ya barafu, binti alisema, na aliuliza tu, walikula nini vitani. Nilijua jibu. Nilitaka kumsaidia, nimwambie matope.

Mume wangu akainama kwenye kipaza sauti akasema walikula ndizi za kuchemsha zisizo na chumvi, na siku mvua ilipozidi kuni zikagoma, wakala ndizi hizo mbichi. Akasema kulikuwa na mwenzao mmoja aliyeimba nyimbo za kanisani wakila, ili wasisikie ladha. Akasema yule mwenzao hakurudi. Akasema mpaka leo akisikia wimbo mmoja wa kanisa letu la Ilongero anatoka nje kama anakwenda kujisaidia, na watu hudhani tumbo linamsumbua.

Nilikuwa mmoja wa hao watu. Kila akitoka kanisani nilikuwa namchemshia majani ya mpera kwa ajili ya tumbo.

Jamani, roho iliniuma. Siwezi kuipamba. Mtu ambaye hajawahi kumfulia soksi wala kumtoa funza, mtu wa barafu, aliuliza swali moja akajibiwa lote, na mimi nimeuliza ujana wangu wote. Nilimtazama mume wangu shingoni, pale nyuma ambapo mimi ndiye ninayemnyoa, nikatamani kumfinya. Nilijisemea moyoni, kumbe maneno anayo. Kumbe yapo mengi, mazuri, yamepangwa, na hayakuwekwa kwa ajili yangu.

Mchana ulipoanza kupoa binti akasema sasa ni zamu ya kugonga. Akamsogezea mume wangu kile kitufe cha kugongea. Alikigusa kwanza kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto, halafu akaanza. Kituo chao kule Kagera kilikuwa kinasikika vizuri, na huko nako walikuwa wamemkalisha askari wao mstaafu. Mume wangu akagonga salamu yake. Kimya. Akagonga tena. Ule upande wa pili ukaanza kujibu, polepole, kisha ukakatika katikati. Palikuwa na sauti ya kuchemka tu, ile ya redio isiyo na mtu.

Halafu, kutoka kwenye spika, ikatoka hodi yangu.

Mlio mmoja mfupi. Mmoja mrefu. Mitatu mifupi, na ule wa mwisho umechelewa.

Nilisimama. Sikuamua kusimama, mwili wenyewe umezoea. Nilikwishafika mlangoni kwa yule binti na mkono uko kwenye kitasa, ndipo akili ikaniambia kwamba mume wangu hayuko nje, yuko pale nyuma yangu kwenye kiti. Niligeuka. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka paji la uso limegusa redio. Binti alikuwa amemshika mgongoni na kumwuliza, baba, unamjua? Naye akawa anatikisa kichwa kwamba ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Nikamwuliza binti ule mlio ni nini. Akanijibu kwa upole, maskini, hakujua anachokata. Alisema ile ni alama ya kawaida, kila mtu wa Morse anaijua, maana yake ni subiri. Ukiwa unaongea na mtu hewani ukapata dharura, unamgongea hiyo, naye anakungoja. Lakini akasema huyu anagonga kwa namna yake, anauchelewesha ule wa mwisho. Akasema mkono wa mtu kwenye kitufe ni kama sauti, haufanani na wa mwingine.

Subiri. Yaani miaka yote mwanaume ananigongea mlangoni kwamba subiri, na mimi nafungua.

Mume wangu hakugeuka hata mara moja kunitazama. Alikaa anangoja. Ule upande wa pili ulikuwa umemwambia asubiri, naye akasubiri, jua likashuka, mawimbi yakaanza kufifia, binti akamweleza taratibu kwamba leo hapatasikika tena kitu. Alisubiri tu. Sikuweza kuangalia. Nilichukua vyombo vyangu na jogoo ambaye hakuna aliyemla, nikapanda bodaboda nikarudi Ilongero.

Alifika giza linaingia. Nilikuwa jikoni nasonga. Nikasikia hatua zake, nikasikia akikung'uta viatu, na kwa mazoea yake akagonga. Ko, krrr, ko ko... ko.

Sikugonga mwiko. Akagonga tena. Nikatoka jikoni nikasimama nyuma ya mlango nikamwambia hiyo si hodi yangu, kampelekee mwenyewe. Nikamwuliza ni nani. Akasema ni mtu wa mawasiliano kama yeye, wa kikosi kilichokuwa mbele yao. Nikamwambia sikuuliza kazi, nimeuliza ni nani, mwanamume au mwanamke?

"Sijui," akasema.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Nilimwambia anidanganye mengine yote, hilo hapana. Akajibu kwa ule utaratibu wake kwamba kwenye kugonga huwezi kujua. Hakuna sauti, kuna mkono tu, na walikuwa na wanawake jeshini waliogonga vizuri kuliko wanaume. Hawakuwahi kuonana. Jina hawakuruhusiwa kutaja. Nikasema basi ndiyo mbaya zaidi, unamgongea mtu maisha yako yote na hujui hata kama anavaa sketi. Nikamaliza maneno ya Kiswahili nikahamia kwenye Kinyiramba cha kwetu Iguguno, ambacho nikikifikia mume wangu huwa anajua tumefika pabaya.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akasimulia, yeye nje mimi ndani, ubao wa mlango katikati. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusimuliwa, na nililazimika kumfungia nje ili nisimuliwe. Alisema kila alfajiri walikuwa wanagongeana, yule wa mbele anasema tupo hai, yeye anapokea na kuwapelekea wakubwa. Alisema ule mkono ulikuwa kitu cha kwanza anachosikia akiamka, na wakati mwingine kitu pekee cha siku nzima kisichomtisha. Alfajiri moja yule mtu alianza ujumbe, akakatisha, akagonga subiri. Mume wangu akasubiri. Ikaja amri kwamba wahame palepale. Alimwomba mkubwa wake dakika chache, akanyimwa. Akafungasha redio huku amevaa vile vya kusikilizia masikioni mpaka waya ulipochomolewa. Hakusikia tena. Aliporudi nyumbani kidole kikabaki na ile alama, na alikuwa anaigonga popote, kwenye ukuta, kwenye jembe, bila kutaka.

Nikafungua mlango. Si kwa huruma, ugali ulikuwa unaungua. Lakini nikamwambia wazi kwamba kuanzia siku ile atafute hodi nyingine, ya mtu na mkewe, na ile airudishe alikoitoa. Alikula. Nilimhesabia kila tonge kwa jicho la pembeni na nilikuwa bado na hasira.

Kesho yake nilikwenda naye. Hakuniomba, na mimi sikumwomba. Tulikaa kwenye bodaboda moja, mimi nyuma yake na kitambaa cha chakula mapajani, na njia nzima nilikuwa napanga jinsi nitakavyomjua yule mtu. Nilikuwa nimekwishamchora: mama mmoja mnene mweupe wa Bukoba, sauti laini, kahawa mkononi, mjane.

Hakuwa mjane wa Bukoba. Alikuwa mzee. Siku hiyo waliamua kuongea kwa sauti, na iliyotoka kwenye spika ilikuwa sauti nzito ya kiume yenye kikohozi cha mvuta sigara, inayosema, Afande, jana mkono ulinishinda, nilikugongea usubiri, wajukuu wakanitoa nje kunipa maji. Nilipumua. Nilishusha mabega, nikajiona mjinga, nikafungua hata kitambaa cha chakula.

Basi mume wangu akacheka. Si kile kicheko chake ninachokijua, cha puani. Alicheka kwa sauti, mdomo wazi, kicheko cha kijana, na yule mzee naye akacheka akakohoa, na wakaanza kutajiana mito na vilima na sufuria iliyotobolewa na risasi. Wivu wangu ukarudi mzima mzima. Kumbe haukujali ni mwanamume au mwanamke. Hata angekuwa mchungaji wetu, ningemwonea.

Walienda hivyo kitambo. Kisha yule mzee akabadilika sauti. Wenye redio wana utaratibu: ukimaliza unasema ova na kuachia kitufe, ndipo mwenzako aongee. Yule mzee akasema lake, na hakusema ova, akaliacha tu pale likining'inia.

"Nilirudi, afande. Nilikuambia subiri, nikarudi. Nilikuita mpaka betri ikafa. Kwa nini hukunisubiri?"

Nilimwona mume wangu akishika kipaza sauti. Akakibonyeza. Kidole kimekandamiza kitufe, taa ndogo ya redio imewaka, dunia yote yenye redio inangoja, na kwenye koo lake hakuna kinachotoka. Akaachia. Akabonyeza tena. Hakuna. Ule mdomo uliomjibu mtu wa barafu ulikuwa umefungwa. Binti akanitazama mimi, sijui kwa nini, labda kwa sababu wanawake hutazamana mambo yakiharibika.

Ule upande wa pili ukasema, taratibu, kwamba si kitu, ni mambo ya zamani, hakutaka kumkwaza. Alikuwa anajiandaa kuondoka. Sauti ya mtu anayejiandaa kuondoka naijua.

Niseme ukweli wa moyo wangu wakati ule. Sehemu moja yangu ilitaka aondoke. Aende na alama yake, mume wangu abaki wangu, na hodi ibaki yangu, nani angejua? Ningekaa kimya tu pale kwenye kochi na ingeniangukia yenyewe. Na aliyekuwa anajua jibu la swali lile alikuwa mmoja tu duniani, mimi, na kulisema ilikuwa ni kuitoa ile hodi kwa kinywa changu, mbele za watu, nisiweze tena kusema ni ya mama.

Niliinuka nikamnyang'anya mume wangu kipaza sauti. Nikabonyeza kama nilivyowaona wakibonyeza.

"Shikamoo," nikasema. "Mimi ni mke wake. Nakusikia unauliza kwa nini hakukusubiri. Amekusubiri mlangoni kwangu kila jioni tangu anioe. Anagonga hiyo alama yako, na ule wa mwisho anauchelewesha kama wewe. Nilidhani ananipigia hodi mimi. Shahidi ni mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa namfungulia."

Sikusema ova. Sikuachia. Ile redio ina jambo moja nililolipenda sana: aliyebonyeza ndiye anayesikika, wengine wote hawana la kufanya. Kwa hiyo nikaendelea. Nilimwambia kuhusu matope. Nilimwambia kuhusu wimbo wa kanisani na majani ya mpera. Nilimwambia kwamba amenilia hodi yangu, na kwamba nimeirudisha kwa mwenyewe lakini sikufurahi, asije akadhani nimefurahi. Binti akaniwekea mkono begani akaniambia mama, achia sasa, ili tumsikie.

Niliachia. Kisha yule mzee, badala ya kuongea, akagonga kwa kitufe chake milio miwili mifupi. Ko ko. Binti akaeleza kwamba hivyo ndivyo wanavyoagana wenye kugonga, ni kusema nimekupata, sawa. Nilijua. Nimekuwa nikiisema kwa mwiko maisha yangu yote bila kufundishwa na mtu. Mume wangu alikuwa amefunika uso kwa kofia, na mkono wake mwingine umeshika ukingo wa kitenge changu, ameukunja ndani ya ngumi kama mtoto sokoni.

Hatukurudi pamoja. Yeye alibaki kumsaidia binti kushusha waya na kuandika majina kwenye kadi. Mimi nilitangulia, maana kuku hawajifungii wenyewe. Njiani nilikuwa na uchungu wa mtu aliyetoa kitu kizuri kwa hiari na tayari anakitaka. Nilifika, nikawasha moto, nikabandika maji. Nikawa nasikiliza nje na kujikasirikia kwa kusikiliza. Nilijiuliza atagonga nini. Akigonga ile, nitajua hakunielewa. Asipogonga kitu akaingia tu kama mpangaji, hilo ndilo sikuwa tayari nalo.

Nikasikia bodaboda ikigeuza. Viatu vikakung'utwa. Akafika mlangoni akasimama. Alisimama pale muda, nikaona kivuli chake chini ya mlango, na nikajua kidole kiko hewani hakijui pa kwenda. Nilishika mwiko kwa mikono miwili nisije nikamsaidia.

Akagonga. Ko ko.

Mara mbili tu, fupi, bila kuburuza ukucha. Ilikuwa ya kwangu. Ile niliyokuwa namjibu nayo, isiyotoka jeshini wala Kagera, niliyoianzisha mwenyewe nikiwa bibi harusi na mwiko wa mama mkwe. Alikuwa amepata wapi pa kuihifadhi siku zote hizo, mimi sijui.

Maji yalikuwa yamechemka. Nilitia unga kidogo, nikakoroga, nikafuta mikono kwenye kitenge, nikaenda mpaka mlangoni. Nikaweka kiganja kwenye ubao. Nilimsikia anavyopumua upande wa pili.

"Subiri," nikamwambia.

Nikarudi jikoni nikasonga ugali mpaka ukaiva vizuri, nikauepua, nikaupakua na mboga, nikanawa. Alikuwa bado amesimama palepale nilipokwenda kumfungulia.